Zulia la Kiota

Saa nne asubuhi, wageni wa jana wakiwa wameondoka na wa leo hawajafika, mtandika vitanda aliingia Kiota na ndoo, ufagio, shuka safi na chanuo la mbao. Kiota ndilo jina walilokipa kibanda hicho, kilichokuwa peke yake chini ya miti, ndani kabisa ya hifadhi. Kilikuwa kibanda cha watu kuja kujipumzisha: kuta za udongo, sakafu ya udongo, paa la nyasi, jiko la kuota moto, kitanda chenye mito mingi kuliko vichwa, na beseni kubwa la kuogea lililowekwa dirishani ili mtu ajisugue huku akitazama swala. Alivua viatu mlangoni. Akafungua madirisha harufu ya usingizi wa watu itoke. Akavua shuka, akakusanya chupa, akaokota kwa vidole viwili soksi moja iliyolowa kitu ambacho hakutaka kukijua. Halafu akapiga magoti akaanza kumchana mama yake.

Mama yake alikuwa sakafuni. Si yeye mzima, ni nywele zake tu, zimeota kutoka ukuta hadi ukuta, za kijivu, laini, ndefu kiasi cha mtu kuweza kuzisuka. Mtandika vitanda alizijua kabla hata hajazigusa. Marehemu aliungua na mafuta ya kukaangia akiwa msichana, akabaki na kipara kidogo nyuma ya sikio, na kipara hicho kilikuwa pale pale, karibu na mguu wa kitanda. Tena zilisimama. Uzichane kushoto, uzichane kulia, zinasimama wima. Yule mama alikuwa na shingo ngumu tangu uhai wake, na kila siku ya kusuka walikuwa wakigombana. Inamisha kichwa, mama. Siinamishi, suka hivyo hivyo. Basi binti alikuwa anapanda juu ya kigoda, anasuka amesimama, na jirani wanacheka.

Mambo yalianza hivi. Hifadhi ilipotangazwa, watu waliokuwa wakiishi pale walihamishiwa nje ya uzio, wakaahidiwa kwamba na wafu wao watahamishwa, kwa heshima zote. Siku ilipofika likaja lori na vibarua, wakapakia mawe ya makaburi, maana ndiyo yaliyoonekana, wakayashusha ng'ambo ya uzio na kuyapanga kwa mstari ulionyooka. Kazi ikaisha mapema, vibarua wakapewa soda. Mawe yalikuwa yenyewe na majina yalisomeka, nani angeuliza? Mtandika vitanda alilichukua jiwe la mama yake akaliweka nyuma ya nyumba yake mpya. Alilipandia maua. Akalifagilia, akalisimulia habari za wajukuu na za ndoa iliyomshinda, miaka nenda miaka rudi. Kumbe alikuwa akiongea na udongo mtupu; mama mwenyewe alibaki kule kule, na Kiota kikajengwa juu yake.

Nywele zilipochomoza Kiota, fundi alizikwangua kwa jembe. Kesho yake zikarudi. Wakamwaga dawa ya kuua magugu, zikatoa mba, zikaendelea kuota. Meneja alikuwa karibu kukifunga kibanda, mpaka alipokuja bibi mmoja mgeni, tajiri, akavua soksi zake, akakanyaga, akafumba macho na kusema hajawahi kukanyaga kitu laini namna ile tangu azaliwe. Kitanda akakipa mgongo, akalala chini. Kuanzia hapo Kiota kikawa hakishikiki. Watu walikuwa wakisubiri zamu kama wanasubiri kumwona daktari bingwa, na mlangoni pakawekwa kibao kinachowaomba wavue viatu.

Mtandika vitanda alikwenda kwa meneja siku ile ile alipokiona kipara. Meneja alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza na mikono laini yenye harufu ya limau. Wafanyakazi walimwita Tutaliangalia, kwa kuwa ndilo jibu alilokuwa nalo.

"Meneja, yule wa Kiota ni mama yangu."

"Una uhakika?"

"Mimi ndiye niliyekuwa namsuka."

"Pole sana," alisema meneja, na alionekana kusikitika kwelikweli. "Pole sana, mama."

"Naomba kumchimbua. Jiwe lake liko kwangu. Nataka nimpeleke kwenye jiwe lake, basi, sina neno lingine."

"Nakuelewa. Lakini ukichimba pale, sakafu imekwisha. Na wageni wameshaahidiwa." Alitabasamu. "Hebu tuulizane kama watu wazima. Pale alipo anapata shida gani? Ana paa. Ana moto kila jioni. Mama yako aliwahi kulala pazuri namna ile?"

Mtandika vitanda alisema hapana, kwa sababu ni kweli. Nyumba yao ya zamani ilikuwa inavuja.

"Unaona?" alisema meneja. "Lakini tutaliangalia."

Akampa kazi ya kukiangalia Kiota peke yake, na chanuo. Naye akalipokea. Angefanya nini? Askari wa geti huangalia sare, haangalii sura. Siku atakayoacha kazi atairudisha sare, naye atabaki nje ya uzio na jiwe lake, na mama atabaki ndani na wageni.

Na wageni wale, loo! Walikuwa watu safi, wanaonukia, wenye adabu mezani. Wakishafunga mlango wa Kiota wanageuka. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekaa ukingoni mwa kitanda akakata kucha za miguu, zote, nene na za njano, zikadondokea kwenye nywele, na mtandika vitanda akazitoa mojamoja. Kuna waliomwaga supu. Kuna waliomwaga divai wakaifuta kwa kusugua miguu, nywele zikagandamana na kunuka kama kopo lililosahaulika juani. Kuna aliyegalagala uchi wa mnyama huku mwenziwe akimpiga picha, wakavunjika mbavu kwa kicheko. Kuna bibi harusi aliyetema chingamu katikati kabisa ya utosi. Chingamu kwenye nywele haitoki kwa maji. Mtandika vitanda aliitoa kwa mafuta ya kupikia, taratibu, akipuliza, kwa kuwa mama yake alikuwa na kichwa chepesi kuuma, na kila nywele ilipovutwa sakafu nzima ilikunja kipaji. Alipomaliza alitoka nje akatapika kwenye maua, akasukutua, akaingia kutandika kitanda.

Kuna na yule aliyesuka msuko mmoja, akaukata kwa mkasi wa kucha akauweka kwenye begi. Alipoulizwa alisema ni ukumbusho. Meneja akamfungia na msuko mwingine kwenye karatasi nzuri.

Mafanikio hayo yaliwatia hamu wakubwa wa hifadhi, wakataka vibanda vingine. Cha pili kikajengwa juu ya babu yake mpishi, kwani sasa kila mtu alikuwa anajua wafu waliko. Sakafu yake ikaota ndevu. Zilikuwa fupi, nyeupe, kali kama msasa, na wageni wa kwanza walitoka asubuhi wakichechemea, nyayo zinavuja damu.

"Babu hakupenda kushikwashikwa hata alipokuwa hai," alisema mpishi, huku akikata vitunguu.

Babu akawekewa vigae juu, kibanda kikageuzwa stoo ya mashuka.

Ndipo meneja alipokumbuka kwamba mtandika vitanda anaishi na mama yake mdogo. Mama mdogo huyo alikuwa kitandani tangu kiangazi, figo zimechoka, na kila mtu alijua kwamba safari yake haiko mbali. Kilichomleta meneja ni habari kwamba nywele za ukoo ule ni za kurithiana, na kwamba za mama mdogo zikifunguliwa zinafika kiunoni. Alifika Jumapili, gari likaachwa barabarani, yeye akaingia na kikapu cha matunda kilichofungwa utepe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hayo weka chini, meno sina."

Meneja aliketi kwenye stuli karibu na kitanda, magoti yakiwa pamoja. Alisema wamefikiria sana, na wameona wampe mama heshima. Siku ikifika, Mungu amzidishie umri, watampokea ndani ya hifadhi. Gharama zote juu yao. Mahali wameshapapata, pana kivuli, na mandhari ya mto ni ya ajabu.

"Hiyo mandhari nitaitazama kwa jicho gani?"

Meneja alicheka, meno yote nje.

"Mwaka juzi niliingia humo kuokota kuni," alisema mama mdogo, "mkanifukuza na mbwa. Hili kovu la mguuni ni la mbwa wenu. Leo nimekuwa mtu wa kupokelewa?"

"Ule ulikuwa utaratibu wa zamani, mama."

"Na dada yangu mnamtoa lini?"

"Hilo tutaliangalia." Meneja alisogeza stuli karibu, akashusha sauti. "Samahani, mama. Kama haitakuwa usumbufu, naomba utoe kitambaa. Kidogo tu."

Mama mdogo alimgeukia mtoto wa dada yake aliyekuwa amesimama mlangoni na glasi ya maji.

"Mtoe nje," alisema. "Mtoe kabla sijamtapikia."

Gari lilipoondoka aliitisha wembe. Mtandika vitanda alimnyoa palepale kitandani, kwa sabuni ya kufulia, mpaka kichwa kikang'aa. Nywele walizichoma jikoni. Zilinuka mtaa mzima, zikaingia kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye vyakula vya watu, na hakuna jirani hata mmoja aliyelalamika. Mama mdogo alijipapasa kichwa, akaomba kioo, akajitazama.

"Waje sasa," alisema.

Alifariki kabla ya mvua. Wakamzika nyuma ya nyumba, pembeni ya jiwe la dada yake lisilo na dada. Yale matunda yalikuwa bado kwenye kikapu, yameoza, na inzi wanayazungukia, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuyagusa hata kwa kuyatupa.

Meneja hakukasirika. Watu wa namna ile hawakasiriki, na mimi nadhani hapo ndipo panapotia kinyaa kuliko kwenye kucha na chingamu. Alileta rambirambi, akampa mtandika vitanda mapumziko ya msiba yenye malipo, na aliporudi kazini akamwita ofisini akamkaribisha chai.

"Kibanda kipya tumekijenga hata hivyo," alisema. "Sakafu ya mbao. Nzuri, lakini wageni wanasema ina baridi, haina roho." Akakoroga chai. "Za Kiota ukizikata, zinaota tena?"

"Zinaota."

"Basi tutakuwa tunazikata zikishafika urefu. Tunazifuma, tunatandika kule. Kiota nacho kinapata nywele mpya. Kila mtu anafaidi."

"Na kumtoa?"

"Sasa hivi ndiyo itakuwa vigumu zaidi, si unaona mwenyewe? Vibanda viwili vitamtegemea."

"Mimi sitaki kumkata."

"Hakuna anayekulazimisha, mama. Yule bwana wa mashine ya kukatia majani anasema ni kazi ya dakika chache tu."

Mtandika vitanda aliimaliza chai. Ilikuwa imepoa na juu imefanya utando, akaumeza utando pamoja nayo. Kisha akaenda jikoni kumwomba mpishi mkasi mkubwa wa kukatia kuku, akauchemsha, akaufuta kwa aproni yake mwenyewe, na akamwomba mpishi amfuate na gunia.

Kiota kilikuwa kimefagiliwa. Moto ulikuwa umepangwa, haujawashwa. Alivua viatu, akaingia, akachuchumaa kwenye kona, upande wa kisogo, akazishika nywele kwa mkono wa kushoto. Zilikuwa wima, zimesimama kama siku zote. Mkasi hauwezi kupita vizuri kwenye nywele zilizosimama hivyo. Unararua, unang'oa, na huyu alikuwa mtu wa kichwa cha maumivu.

"Mama, ni mimi," alisema. "Ni mimi nitakayekukata, siyo mashine. Inamisha kichwa."

Alingoja. Mpishi, akiwa mlangoni na gunia lake, alitazama pembeni.

Nywele zote, kutoka ukuta wa kitanda hadi ukuta wa dirisha, zililala upande mmoja. Zililala polepole, bila ubishi, mpaka mizizi ya kisogo ikaonekana, myeupe, na udongo mkavu katikati yake. Katika maisha yake yote yule mama hakuwahi kumwinamia mtu. Binti yake alifunga macho, akayafungua, akaanza kukata.

Gunia lilikuwa halijafika nusu waliposikia watu wanazungumza nje. Wageni walikuwa wamewahi. Walikuwa wameshavua viatu, na mmoja wao alichungulia mlangoni, akauliza kwa adabu sana kama anaweza kuingia akanyage kidogo kabla hazijaisha.