Yakuti Yaota Mabawa

Sonara alimaliza kunyoosha ukucha wa mwisho wa kushikia jiwe kwenye pete, akapeleka mkono kwenye kisahani achukue yakuti. Kisahani kilikuwa kitupu.

"Wifi," alisema taratibu, "usiinuke. Wala usikung'ute nguo. Jiwe limeota mabawa."

Wifi yake akabaki na kicheko kimeganda mdomoni. Pete hiyo ya dhahabu ilifuliwa enzi za bibi mzaa bibi yake, na Jumamosi ilikuwa avishwe bintiye, bibi harusi.

"Vizazi vyote hivyo havikuipoteza, wewe umekaa nayo asubuhi moja!"

"Na wewe nani alikutuma unichekeshe na vituko vya mkweo?"

Sonara akapiga magoti. Akapapasa sakafu, akakagua ile ngozi ya kukingia vumbi la dhahabu chini ya meza, akachungulia hata viatuni. Alipoibuka, wifi alimkazia macho, kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Wifi yangu, hiyo hereni moja umeivaa lini?"

Sonara akagusa sikio. Pale palikuwa na kijiti chake chenye nta nchani, cha kuokotea vito, alichokipachika hapo alipozidiwa na kicheko. Kwenye nta, yakuti imetulia tuli, inang'aa.

Walicheka mpaka wakashikana wasianguke. Kila alipojaribu kuipachika kwenye pete, vidole vilimtetemeka.

"Mkono unaocheka haushiki jiwe," alisema akifuta machozi, akaifungia yakuti kisandukuni. "Njoo kesho. Tena uje umenuna."