Mdomo wa Mama Kifuani

Dogo alikuwa mchapa fulana, na kazi yenyewe alikuwa anaipenda, mpaka fremu mpya ilipotua mezani kwake. Akamwaga rangi nyeusi, akaikokota kwa mpira juu ya wavu, akainua fremu. Akaganda kama kapigwa shoti.

Kifuani mwa fulana alikuwa mama yake.

Mchoro ulikuwa wa Chaki, kaka yake, yule aliyeanza kwa kuchafua kuta za watu kwa rangi za kopo, akifukuzwa kila mtaa, na leo matajiri wanagombania picha zake. Macho mawili kama vifuniko vya sufuria, nywele kama waya, sawa. Lakini mdomo! Umeteremka upande mmoja hadi tayani, vilevile ulivyokaa tangu mama apigwe na kiharusi. Mdomo ambao Dogo alikuwa anakimbilia kuufunika kwa mtandio kila mtu akibisha hodi, asije akachekwa.

"Huyu bibi kang'ata ndimu au?" fundi mkuu akauliza, huku anacheka.

Dogo akachukua kisu, akaupasua wavu wa fremu kona hadi kona.

"We mwehu?"

"Mwehu baba yako." Akavua aproni, akaitupa chini. Kazi ikaishia hapo.

Njiani akampigia Chaki.

"Umemwanika mama kwa watu?"

"Mdogo wangu, tuliza moyo. Muulize mwenyewe."

"Nimuulize nini? Mimi ndiye ninayemwogesha! Wewe unakuja na miwani ya jua, unakunywa chai, unaondoka!" Akakata simu.

Alipofika nyumbani, mama alikuwa nje. Nje kabisa, kwenye kiti, kavaa fulana yenye mchoro uleule, imembana tumbo. Jirani yao, fundi viatu, alikuwa anampigia stori, na mama anacheka, mdomo umekwenda upande, mate yanamtoka, hana habari.

"Mama, twende ndani."

"Nimechoka na ndani, baba." Maneno yalikuwa yanaburuzika. "Kaka yako aliniuliza, mdomo nikunyooshee? Nikamwambia uchore huuhuu. Fulana hii akanichapia mimi kwanza."

"Lini?"

"Ukiwa kazini."

"Na mkanificha."

"Wewe watu wakija unawaambia nimelala. Ningekwambia, ungekubali?"

Kumbe walikaa, wakacheka, wakapanga, mama na mwanawe wa miwani ya jua. Na yeye anayelala chini miguuni pa kitanda chake, anayeamka mama akikohoa tu, ndiye wa kufichwa kama mpelelezi.

"Dogo," fundi viatu akasema, "si ndiyo mnachapa hizi? Nichomolee moja basi, saizi kubwa."

Dogo akampita bila kumtazama, akaingia ndani, akakaa kitandani pa mama. Huko nje akamsikia mama anamwomba jirani amsogezee kiti karibu na barabara.