Saba Mbili Juu ya Pumba

Mama alipanda lile rundo la pumba akiwa na kitenge chake cha kanisani, viatu mkononi, na hasira ya kutosha kumfikisha kileleni bila kupumzika. Kila hatua alizama hadi gotini. Pumba za mpunga ziliporomoka nyuma yake, naye akazidi kupanda, mkono mmoja umeshika kilemba kisichukuliwe na upepo wa Usangu. Kaka yangu Lutengano na mimi tulikuwa tumeketi juu kabisa, vichwa vimekiinamia kishikwambi kama watu wanaosali.

“We Lutengano,” alisema hata kabla hajafika. “Wali umepoa. Shuka.”

“Mama, tumebaki watatu.”

“Watatu gani? Mimi nakuona wewe na Eveline.”

“Humu ndani, mama. Asubuhi tulianza watu mia nne. Sasa watatu.”

Mama alisimama akihema. Akatazama nyumba yetu kule chini, mlango wa jikoni uko wazi. Akatazama kioo. Kisha akakusanya kitenge, akaketi kati yetu, pumba zikampokea hadi kiunoni.

“Wakibaki wawili unashuka,” alisema.

“Akibaki mmoja, mama.”

Tulimzika mama miezi minne iliyopita. Tangu siku hiyo watu wengi wamenieleza alikuwa mtu wa namna gani: mvumilivu, mcha Mungu, asiyeinua sauti. Yote ni kweli, na nimewashukuru. Lakini hakuna hata mmoja aliyemtaja yule mwanamke aliyekaa nasi juu ya pumba Jumapili ile, na nisipomwandika mimi nadhani atapotea.

Mashine ya kukoboa mpunga aliiacha baba. Ilikuwa karibu na barabara ya kwenda mashambani, hapa Rujewa, na ndiyo iliyotusomesha, mimi nikaishia kidato cha nne kwa uvivu wangu, si kwa kukosa ada. Juni ya mwaka ule, mpunga umejaa uwanjani na wateja wanalala juu ya magunia yao kungoja zamu, mota ikaungua. Fundi alikwisha kuisuka nyaya upya mara mbili miaka ya nyuma. Mara hii hakufungua hata mfuniko. Alinusa, akafuta mikono, akasema, “Hii mzikeni.”

Mota nyingine ilikuwepo Mbalizi, kwa mtu anayeitwa Anyelwisye aliyeuza mashine zilizokwisha kutumika. Alimwambia kaka kwa simu kwamba atamshikia hadi Jumatatu asubuhi, basi, kwa sababu wachimbaji wa Makongolosi walikuwa wanaitaka kwa ajili ya karasha lao la kusagia mawe, nao walilipa bila kuuliza punguzo. Kila mwenye mashine anajua maana ya kukosa mota katikati ya msimu. Mteja akihamisha mpunga wake mara moja, msimu ujao hapiti tena mlangoni kwako hata kukusalimia. Wa kwanza walikuwa wamekwisha kuita mikokoteni.

Sasa kaka alikuwa na siri. Kwa mwaka mzima alikuwa akicheza poka ya pesa kwenye kile kishikwambi alichonunua Mbeya kikiwa na ufa pembeni. Alicheza kidogo kidogo, kwa subira, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Mwezi ule alikuwa ameshinda meza ndogondogo hadi akapata nafasi katika shindano kubwa la Jumapili bila kutoa chochote mfukoni. Mshindi wa kwanza angeweza kununua ile mota. Wa pili angepata nusu yake, na nusu ya mota haikoboi kitu.

Tulikuwa juu ya pumba kwa sababu ya mtandao. Tambarare yetu haina kilima. Kilima pekee ni pumba za mashine yetu, zilizorundikwa tangu enzi za baba, na ni pale tu mnara wa barabara kuu ulipoonekana sawasawa. Rundo lile lilikuwa na moto ndani. Kila rundo la pumba lina moto wake, mtu aliwahi kuuwasha pembeni na haukuzimika, unatafuna taratibu chini kwa chini huku juu pako shwari. Unakaa unasikia joto tamu chini ya mapaja. Unajifunza sehemu za kukanyaga.

“Nieleze,” mama alisema. “Lakini kwa kifupi. Sijasema nimekubali.”

Kaka akamweleza kwa kifupi. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Halafu zinawekwa karata tano katikati, za wote. Kila hatua unaweka kete, ndizo dau lako, au unatupa karata zako unangoja mchezo mwingine. Kitufe chekundu cha kushoto ni cha kutupa. Cha kijani cha kulia ni cha kuweka kete zote.

“Zote kabisa?”

“Zote. Ukishindwa hapo, umetoka.”

“Na hawa ni nani?”

Wachezaji wale wengine walikuwa na picha tu. Mmoja alikuwa gari jekundu. Mwingine alikuwa bundi.

Mama akakisogelea kioo. “Siku ya Jumapili,” akasema, “mwanangu anacheza karata na bundi.”

“Ni picha, mama.”

“Kati ya wanyama wote walioumbwa, mtu mwenye akili timamu anachagua bundi?”

Mzee Kalinga, aliyekuwa na magunia yake kumi na moja pale uwanjani na bado hakuwa ameita mkokoteni kwa heshima ya marehemu baba, alitupazia sauti kutoka chini. “Mama Lutengano, huko juu mnaiona Iringa?”

“Tunaiona,” mama alijibu bila kugeuka. “Wanakusalimia.”

Gari jekundu lilitoka haraka. Kaka alikuwa na ree mbili mkononi. Gari likaweka kete nyingi, kaka akabonyeza kijani, gari likafuata, likapotea kwenye kioo kama limetumbukia mtoni. Mama alinishika mkono. Hakujua kama alinishika. Kucha zake ziliingia kwenye ngozi yangu na sikuutoa.

“Tumemla,” alisema polepole.

“Tumemla, mama.”

“Huyu bundi naye.”

Bundi hakuliwa. Alikuwa mchezaji. Alituchukua kidogo, tukamrudishia, akatuchukua tena. Kaka akakiinamia kioo. Jasho lilimtiririka shavuni, likashika vumbi la pumba, akawa na ndevu za dhahabu. Mama alikuwa amesogea hadi bega lake limegusa la kaka, na kila karata ilipofunguka alitoa mlio mdogo puani, kama mtu anayeonja mchuzi. Hakuna aliyekumbuka wali. Mimi nilikuwa nasali, na najua mama naye alikuwa anasali, ingawa sina hakika kama tulikuwa tunaomba kwa adabu.

Ndipo zikaja saba mbili. Saba ya kopa, saba ya shupaza.

Kaka aliweka kete kiasi. Bundi akafuata. Zikafunguliwa karata tatu za katikati: mfalme, jeki, tisa. Mara bundi akasukuma kete nyingi mbele, karibu nusu ya alizokuwa nazo, bila kufikiri. Saa ndogo pembeni mwa picha yetu ikaanza kukimbia.

Kaka aliguna. Alijinyoosha, akarudi nyuma kidogo ili atazame meza yote kwa mbali, akaweka mguu mahali ambapo siku zote tulipakwepa.

Pumba zilifunguka. Mguu wake wa kulia ulizama hadi pajani, moshi ukatoka pembeni yake kama mtu aliyefunua sufuria, naye akapiga yowe. Nilimrukia nikamshika kwapani. Yeye, badala ya kujishika, alikinyanyua kishikwambi juu kwa mikono miwili kisiungue, na mkono uliokuwa karibu kukipokea ulikuwa wa mama.

“Mama,” alisema huku nikimvuta, meno yameumana, “bonyeza cha kushoto. Chekundu.”

“Cha kutupa?”

“Tupa, mama. Saa inaisha.”

Mama alitazama kioo. Nami nilimtazama mama, kwa sababu nilikuwa nimekaza miguu nyuma ya kaka na uso wa mama ulikuwa mbele yangu. Niliona anavyozisoma zile karata mbili, moja, halafu nyingine. Uso ukamtulia.

Lazima niseme kitu hapa. Mama alizaliwa katika nyumba ya wacheza karata za arubastini. Babu yetu na kaka zake waliicheza kila msiba, kila harusi, kila mvua ilipowazuia kwenda shamba, na mama alikuwa amecheza kama mwenza wa babu mpaka alipoolewa. Katika arubastini karata kubwa ni ree, na baada ya ree ni saba. Mfalme yuko chini ya saba. Mtoto yeyote wa nyumba zile anajua: ukiwa na saba mkononi, mfalme akija mezani, unamchukua.

“Nitupe saba mbili?” mama alimuuliza mwanawe, kwa sauti ile ile ambayo angeuliza kama atupe sufuria ya nyama. “Huyu mtoto moshi umemwingia.”

Akabonyeza kijani.

Kete zetu zote zikateleza hadi katikati.  Mguu wa kaka ulikuwa umetoka, suruali imeungua, ngozi ya muundi imekuwa nyekundu, naye alikuwa akitambaa kwa magoti kuelekea kioo.

Bundi alifikiri. Saa yake ikakimbia, ikapungua, ikabaki nyembamba kama uzi. Akafuata. Kwa kuwa sasa naye ameweka zote, karata za siri zikafunuliwa, za kwetu na zake. Bundi alikuwa na mfalme, na pembeni yake tano. Mfalme wake na yule wa mezani walikuwa wawili. Kwa sheria za poka wafalme wawili wanazikanyaga saba mbili. Tulihitaji saba ya tatu, na karata zilizobaki za kufunguliwa zilikuwa mbili tu.

“Haya,” mama alisema, akifuta kioo kwa ncha ya kitenge. “Amekwisha.”

Kaka alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta neno la kuanzia. Akamtazama mama, aliyekaa katikati ya pumba mgongo umenyooka, macho yanang'aa kama ya msichana aliyemwona babu akimkonyeza kutoka upande wa pili wa mkeka. Kaka akafunga mdomo. Akanishika mkono ule ule wenye alama za kucha.

Karata ya nne ikafunguka. Mbili ya uru.

“Takataka,” mama alisema.

Mzee Kalinga alikuwa amesimama kule chini kwa ajili ya lile yowe. “Mnaungua au mnasali?” aliuliza.  Mashine zote za Rujewa zilikuwa zikivuma kwa mbali, zote isipokuwa yetu, na nilizisikia moja moja.

Karata ya tano ilikawia. Au mtandao ulikawia. Kioo kiliganda, duara dogo likazunguka, likazunguka, kaka akakinyanyua kishikwambi pamoja na mikono ya mama juu ya vichwa vyetu kuelekea barabara kuu, wakasimama hivyo wote wawili kama wanaotoa sadaka.

Wakakishusha.

Saba ya pau.

Kaka alikaa chini.  Alilala chali kwenye pumba, mikono imetandazwa, akaanza kucheka bila sauti, tumbo linapanda na kushuka. Mimi nilikuwa nalia. Kwenye kioo picha yetu ilikuwa imezungukwa na nyota, na bundi hayupo.

Mama aliinamisha kichwa akaikagua ile karata ya mwisho kwa makini, kwa jicho la mtu asiyependa ubadhirifu.

“Hii ya tatu wameileta ya nini?” aliuliza. “Mbili zilitosha.”

Jumatatu asubuhi kaka alikuwa Mbalizi, bandeji mguuni, kabla Anyelwisye hajafungua kufuli. Mchana mota ilikuwa juu ya gari, na Jumanne tulikoboa. Mzee Kalinga alikuwa wa kwanza. Alisimama mbele ya mdomo wa mashine, akachota mchele wa moto kwa kiganja, akautafuna mbichi, akatikisa kichwa, akasema baba angefurahi. Mikokoteni ikarudi. Msimu ule tulikoboa hadi Oktoba.

Kaka hakucheza poka tena. Majirani walidhani mama alimkataza, na kanisani wakampongeza. Ukweli ni kwamba mama ndiye aliyekuwa akimuuliza. Jumapili baada ya ibada, wali ukiwa mezani, angetazama dirishani kuelekea pumba na kusema, kana kwamba limemjia sasa hivi, “Lutengano, hamwendi juu leo?” Kaka angejibu kwamba bando limeisha. Jumapili nyingine bando limeisha tena. Mama alimshangaa. Mtu mwenye bahati ya kuletewa saba mbili, tena kwa mchezo mwepesi namna ile, anashindwaje kununua bando?

Hatukumwambia kazi ya ile saba ya tatu. Mwanzoni ni kwa sababu ya kicheko. Tungemtazama tu na kushindwa kuanza. Baadaye miaka ilipita, na ule ushindi ukawa wake. Aliusimulia mwenyewe kwa wageni, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, na kila aliposimulia bundi alizidi kuwa mkubwa.

Wiki ya mwisho, hospitalini Mbeya, alikuwa anaongea kidogo sana. Kaka alikaa upande mmoja wa kitanda na mimi upande wa pili. Dirisha lilionyesha mlima na ukungu. Mama alifumbua macho, akamtafuta kaka, akampata.

“Bando bado?” aliuliza.

“Bado, mama,” kaka alisema. “Kesho nanunua.”

Mama akatikisa kichwa kidogo, kwa kumvumilia, akafumba macho.