Kuku wa Kupisha Njia

Menas Tawete analala na kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi, mkononi, na wala halali kwa kulewa, analala kwa woga. Yuko kwenye benchi nyuma ya jiko la marehemu, asubuhi ya kuondoa tanga, na huko mbele ya nyumba kaka zake Twilumba, mke wa marehemu, wanapakia magunia garini, wanamrudisha dada yao kwao Mafinga, jumla. Shangazi yake Twilumba, anayebaki kufunga nyumba, anasugua masufuria akiwa amempa Menas mgongo. Menas ni Mngoni, Twilumba ni Mhehe, na watu wa huku wanajua maana yake: watani tangu tumboni. Walikua ukuta kwa ukuta hapa Songea, wakiitana mateka wangu, huyu akidai babu yake alimteka babu wa yule na yule akidai vilevile. Siku Twilumba alipoolewa, Menas alijilaza mbele ya gari la harusi akasema haondoki mtu hapa, huyu mwanamke ni wangu. Alikuwa anasema kweli. Watu wakashika mbavu, wakampa kuku apishe njia kama desturi inavyotaka, na mjinga yule akapokea kuku, akapisha. Mume alipofariki, Menas aliitwa tena kazini, mtani achekeshe msiba: akavaa koti la marehemu, akakaa kitini pake, akaita, mke wangu, niwekee maji ya kuoga, nimetoka safari. Hata mjane alicheka. Leo ana neno moja tu la kusema kabla gari halijawashwa, usiende, nakupenda, na aliseme bila utani. Anapiga funda la kujipa moyo, anafumba macho kidogo ayapange maneno, na chini ya kikombe inaanza barabara.

Barabara ni nyekundu, imenyooka, halafu inajipinda kama imekumbuka kitu ilichosahau nyumbani, na mbele yake anatembea mtu aliyevaa lile koti. Menas anamkimbilia, anamsalimu Kihehe, kamwene mateka, nipeleke kwa Twilumba. Mtu anageuka na hana uso, ni laini tupu kama kibuyu. Pole ndugu yangu, Menas anamwambia, uso umeuacha rehani kilabuni? Na watu wasioonekana wanacheka, na barabara inarefuka palepale, inavutika kama mpira wa manati. Asiye na uso anasema, kwake ni karibu kwa asiyechekesha. Basi nibebe mgongoni, anasema Menas, maana mimi kunyamaza sikufundishwa. Wanacheka tena, na mji uliokuwa hapa unakuwa kule, wanatembea, unakuwa kule zaidi, mpaka mji wenyewe unachoka na kuwajia. Ni mtaa wao wa utotoni, ila kila nyumba ina pacha wake anayeitazama mlango kwa mlango, kama mtu anayejiangalia kwenye ndoo ya maji. Nyumba za huku Twilumba ni mtoto, ana masizi puani, anapika udongo kwenye kopo na kusema, kula mateka, ukifa na njaa nitamtania nani. Nyumba za kule ni mtu mzima, kajifunga kitambaa cheusi, anakunja nguo. Menas anaingia huku anatokea kule, anaingia kule anatokea huku, na kila mlango anaoufikia Twilumba ndiyo kwanza ametoka. Ya kweli ipi, anauliza. Ile ambayo ukibisha hodi hacheki mtu, anajibu asiye na uso.

Basi Menas anafunga mdomo. Utani unampanda kooni anaumeza, unampanda anaumeza, unamkwaruza kama mwiba wa samaki, na kadiri anavyoumeza ndivyo barabara inavyojikunja miguuni pake, mpaka Twilumba yuko mlangoni na safari hii hatoki. Menas anasema, Twilumba, usiende, nakupenda. Hacheki mtu. Hata upepo umesimama kusikiliza. Twilumba anasema, rudia, Menas, lakini kwa sauti yako. Ndiyo hii, anasema Menas. Hiyo ndiyo uliyoniitia mke wangu ukiwa na koti la mume wangu, anasema Twilumba, nyingine unayo? Menas anaitafuta. Anaitafuta kifuani, anaitafuta nyumba za huku na za kule, na maneno yaleyale yanatoka tena, usiende, nakupenda, lakini yanatokea nyuma yake. Anageuka. Asiye na uso sasa ana uso, ni wa Menas mwenyewe, na umeshaanza kutabasamu. Mji wote unaangua kicheko, barabara inamchukua miguu inamvuta nyuma, nyuma, nyuma, mpaka mgongo unagonga benchi.

Ulanzi umemwagika suruali yote. Huko mbele hakuna sauti ya gari, kuna vumbi tu linalotua. Shangazi anasugua sufuria, bado amempa mgongo. Menas anauliza, Twilumba yuko wapi? Si alikuja kukuaga, mateka wewe, anasema shangazi, ukamwambia usiende, ukamwambia mara mbili, na macho umeyafumba hivyo hivyo. Tumecheka sisi. Na yeye? Machozi yalimtoka, anasema shangazi, ya kucheka au ya nini, kwa nyie watani nani atajua. Alisema nini? Alisema, mpeni kuku wake. Menas anaangalia chini. Pale kwenye mguu wa benchi kuna kuku mwekundu amefungwa kamba, mzima, anahema, anamtazama kwa jicho moja. Menas anataka kumwambia shangazi, hebu geuka nikuone uso, nijue kama nimeamka. Neno linafika mdomoni. Sufuria limeshatakata na shangazi bado anasugua, naye Menas anamchukua kuku, anampakata, na lile neno halisemi.