Sakafu Nyekundu ya Mbuzi wa Moffat

“Sakafu nitakayowawekea mbuzi wangu, hata chifu akiiona ataomba alale hapo,” Moffat Theuri aliwaambia vijana wenzake nje ya kiwanda cha kahawa, huko juu ya Karatina, mwaka ule kahawa ilipopanda bei mpaka wazee wakaanza kuvaa soksi. “Na atakayesikia harufu ya mbuzi kwangu, aniite mwongo mbele ya watu.”

“Ati mbuzi walale kwa simiti?” Mutahi akacheka. “Kwani ni posta?”

“Wewe kaa na mbao zako, bwana.”

Pande zile za ukungu, banda la mbuzi huinuliwa juu ya nguzo, na sakafu yake hupigwa kwa mbao nyembamba zenye nafasi katikati. Mavi na mkojo huanguka chini, mbuzi akalala pakavu, nawe ukazoa mbolea ya kahawa bila kumwamsha mtu. Wacera, mama yake Moffat, alikuwa ameshanunua mbao hizo. Lakini Moffat alikuwa amemaliza kidato cha nne, na mtu aliyesoma atafanyaje jambo sawasawa na jirani? Mbao za mbuzi akazipigilia ndani ya kijumba chake mwenyewe, akazibananisha, ili mgeni akija asikie viatu vyake vikilia ko, ko, ko. Mbuzi akawamwagia simiti, akaipaka rangi nyekundu na kuisugua mpaka ikang'aa kama sebule ya mchungaji. Ilikuwa tambarare kama meza. Kuiinamisha kidogo upande mmoja, maji yapate njia, hilo halikumjia kichwani.

Mvua ikaja, na baada ya mvua baridi ya Julai. Asubuhi moja alifungua banda akawakuta mbuzi wamesimama katikati ya dimbwi la mkojo, wanatetemeka, wanamtazama kama watoto waliolowesha kitanda cha wageni. Akatandika nyasi, nyasi zikawa supu. Akamwaga majivu, majivu yakawa matope. Kanini, jike mchanga ambaye hajazaa, akaanza kuchechemea. Moffat alipoinua mguu wake, katikati ya kwato palikuwa peupe, laini, pananuka.

Kanini ndiye aliyetengwa kwenda kwa kina Wangechi, msichana aliyetaka kumwoa, mbuzi wa kwanza wa mahari, wa kusema msichana wa nyumba ile ana mwenyewe. Mbuzi huyo hukaguliwa na shangazi wa msichana, meno mpaka mkia. Mwenye kilema hurudishwa, na kijana aliyemleta akarudi naye njia moja, watu wakiangalia.

Angemwambia mama yake, labda. Lakini Wacera alikuwa ameshawaambia wanawake wa kanisa kwamba kijiji kizima hakijaona sakafu kama ya kijana wake. Kila alipomsikia akimsifu, masikio yalimchoma. Basi akawahamishia mbuzi ndani ya kijumba chake, kwenye mbao zao wenyewe, yeye akalala kitandani nao chini. Alfajiri aliwatoa, akafagia mavi, akayamwaga kwenye mashina ya kahawa huku akitazama huku na huku, kama mtu anayejiibia mbolea. Kanisani akaketi benchi la nyuma, peke yake, kwa ajili ya harufu.

Jumamosi ya wanawake wa kina Wangechi kuja kuona boma, Wangechi mwenyewe akiwamo, manyunyu yalikuwa yakianguka. Moffat aliwafungia mbuzi kijumbani kwa komeo, akawaachia majani ya viazi vitamu ili midomo iwe na kazi.

Shangazi Wakonyo, mwanamke mnene mwenye mwavuli wa mwanamume, hakukaa hata kunywa chai. Alikwenda moja kwa moja bandani, Wacera akimfuata kwa kicheko cha fahari.

“Haki ya Mungu,” Wakonyo akasema, akivuta pumzi. “Haina hata harufu!”

“Tata, mimi huosha kila siku,” Moffat akajibu, akimwita shangazi kama Wangechi amwitavyo. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni.

“Na mbuzi wako wapi?”

“Wamepelekwa malishoni.”

“Malishoni?” Wacera akageuka. “Na mvua hii?” Alimtazama mwanawe usoni, kicheko kikamwisha kidogo kidogo.

Wakonyo aliinama, akapitisha kidole sakafuni, akakitazama. “Mbuzi wako wana adabu. Hata punje moja ya mavi hawajaacha.”

Ndipo kutoka kijumbani ikasikika, wazi kabisa: ko, ko, ko.

“Nani anatembea huko?”

“Ni... ni Mutahi. Rafiki yangu. Alilala hapa jana.”

“Mutahi!” Wakonyo akaita kwa nguvu. “Toka utusalimie, kijana!”

Mutahi akajibu: “Meee.”

Hakuna aliyecheka. Moffat alitamani wacheke. Aligeuka kumtafuta Wangechi, na hapo ndipo alipogundua kwamba hakuwa nao bandani. Alikuwa amekwenda kujikinga mvua chini ya ukingo wa paa la kijumba, karibu na dirisha, na alikuwa huko tangu walipoanza kusifu sakafu.

Wangechi akavuta komeo. Kanini akatoka akichechemea, mdomoni anatafuna tai ya shule ya Moffat. Wangechi alichutama kwenye matope na gauni lake la Jumapili, akauinua mguu ule mbovu, akaupanua kwa vidole viwili, akavinusa vidole. Kisha akamshika mbuzi kamba, akamleta taratibu mpaka mlangoni mwa banda.

Wacera alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya leso. Moffat alitazama chini. Sakafu ilikuwa inang'aa, nyekundu, kavu, haijalaliwa na mtu.

“Huyu haji kwetu, Tata, anaumwa,” Wangechi alisema, lakini macho yake yalikuwa kwa Moffat. “Na mimi nikija hapa, Moffat, utanilaza wapi? Kwa ile nyumba ya mbuzi, ama kwa hii ya wageni?”