Kioo cha Keziah

Vidole vya Bi Honoria Wexcombe vilikuwa vyeusi kwa dawa za picha, na asubuhi ile, kwa mara ya kwanza, alivificha ndani ya mikunjo ya gauni lake. Katika banda la farasi alilokuwa amelifanya chumba cha picha, mbele yake alisimama dobi wake, Bi Urry. Binti wa dobi huyo, Keziah, aliyekuwa mtumishi wa nyumba hiyo, alizikwa Jumanne. Homa ilimchukua kwa siku nne tu.

Bi Honoria alimpa picha ya karatasi aliyoiona bora kuliko zote alizowahi kupiga: Keziah akiwa malkia wa shairi, yule anayefia mnarani akimngoja mumewe, nywele zimemwagika mabegani, macho yamelowa. Huko London walikwisha kuiomba kwa ajili ya maonyesho.

Bi Urry aliitazama kitambo, akaiweka mezani.

"Nzuri, bibi. Ila huyu simjui."

"Ni Keziah, Bi Urry."

"Keziah wangu huzuni haikumkaa hata dakika mbili. Mimi nataka ile aliyocheka. Alikuja nyumbani akanisimulia mpaka chai ikapoa. 'Mama, nimemharibia bibi kazi, nimecheka katikati!'"

Bi Honoria alihisi uso ukimwaka. Kuketi dakika tano bila kutikisika si mchezo, na Keziah alishindwa kwenye ya tatu. Picha ilitoka na ukungu kidogo, lakini kicheko kilionekana, pamoja na lile pengo la jino la mbele. Malkia gani ana pengo? Alimfokea msichana mpaka akalia, kisha Bi Honoria akakisugua kile kioo kilichonasa picha kikawa kitupu, akakipaka dawa upya, akampiga picha na machozi yaleyale.

Angeweza kusema kilivunjika. Vioo huvunjika kila siku.

"Niliifuta," alisema. "Na machozi hayo si ya malkia. Nilimgombeza. Naona haya, Bi Urry, sijui niuweke wapi uso wangu."

Dobi akauliza, "Alicheka nini?"

"Alinicheka mimi. Nilikuwa namsomea shairi la kifo, kumbe nina doa jeusi puani."

Bi Urry aliziba mdomo kwa nyuma ya kiganja, kama alivyokuwa akifanya bintiye, mabega yakamtikisika. Bi Honoria hakujua kama ni kicheko au kilio, na hakuthubutu kuuliza.

"Hicho kioo ulichokifuta kiko wapi, bibi?"

"Ndicho hichohicho nilichompigia malkia."

"Basi nipe hicho. Karatasi baki nayo."

Bila kioo hakuna nakala nyingine ya malkia, wala ya London wala ya nani. Bi Honoria hakulisema hilo. Alikitoa sandukuni akampa.

Dobi alikifunga ndani ya aproni, akaondoka. Kutoka dirishani Bi Honoria alimwona amesimama langoni, amekiinua kioo kwenye mwanga, akikiinamisha huku, akikiinamisha kule, anatafuta.