Chaki ya Marehemu

Mkwe wa mama mmoja fundi wa nguo alikuwa na neno moja tu la kuishi nalo duniani, nalo ni sori. Akikukanyaga, sori. Akitaka umpishe mlangoni, sori. Umefiwa, sori. Asiposikia, analivuta mwisho liwe swali. Na akikuona mjinga alilisema taratibu, kichwa kakilaza upande, na hapo ndipo ungetamani umzabe kibao. Fundi alimvumilia kwa sababu ya binti yake tu. Moyoni alimwona bure kabisa, suti nzuri iliyovishwa gogo.

Siku ya kwanza alipomchukua dukani kwake ajifunze kushona, alimwonyesha mambo mawili. La kwanza, sheria ya humu ndani: nguo yenye mstari wa chaki ni ya kukatwa, huulizi. La pili, koti la kijivu lililotundikwa nyuma ya mlango haliguswi. Marehemu mumewe, alipoanza kukonda kwa maradhi, alilichora mwenyewe kwa chaki mbavuni na mikononi ili alipunguze. Akasema atalikata kesho, na kesho yake hakuamka. Mistari ile ndiyo kazi yake ya mwisho. Fundi alilifuta vumbi ukosi tu, chaki hakuigusa hata kwa kidole.

Mkwe alikuwa anachezea simu. Sori, kwani umesemaje? Fundi akarudia yote. Sori, sori, akajibu mkwe, yaani nimeshasikia, niache.

Asubuhi moja fundi alitoka kununua uzi na vifungo. Aliporudi alimkuta mkwe kasimama mezani, kifua mbele, mkasi mkononi, anangoja kusifiwa. Tangu aje, ndiyo kwanza amejituma. Koti la kijivu lilikuwa mezani, mbavu zimekatwa, mikono imekatwa, mkasi umefuata chaki sawasawa. Vipande vyenye mistari vilikuwa sakafuni, na mwenyewe kavikanyaga.

Fundi akakaa kwenye kiti cha cherehani. Mkwe akamtazama, akalitazama koti, ikamwingia akilini. Akainua mabega.

"Sori, mama."

Fundi akamuuliza hiyo ni sori ipi, ya kukanyaga mguu au ya kupita mlangoni. Akamtaka alitaje alilofanya, kwa kinywa chake mwenyewe. Mkwe akajikuna shingo, akasema sori tena, ila chaki si ilikuwepo.

Fundi aliokota chaki, akamsogelea, akamchora mstari mnyoofu toka begani hadi kwenye kiwiko, juu ya suti mpya aliyoivaa, ya kutambia mtaani. Kisha akachukua mkasi, akaupenyeza kwenye mkono wa suti.

Weh, ulimi ulivyofunguka!

"Mama, nisamehe. Nimekosa. Ulinikataza na nilikusikia, nikapuuza. Nakuomba, mama yangu, usiikate."

Fundi akaushusha mkasi. Kumbe maneno alikuwa nayo yote, tena mazuri, ila aliyaweka akiba kwa ajili ya suti. Alimdharau pale kuliko siku zote, na machozi ya hasira yakamtoka.

Akainama kuokota vipande. Chaki ilikuwa imeishia kwenye soli za viatu vya mkwe, haionekani tena. Akavikunja taratibu, akavikumbatia. Halafu akamtupia mkwe brashi ya nguo.

"Jipanguse," alisema. "Huo mstari nimeuchora mimi, hata kesho naweza kuuchora tena."